Joto Linakwenda Wapi? Giaboksi za Magari ya Spoti



Barua ya mwaliko ilinitaka nije nimalize ubishi. Ubishi wenyewe mnaujua: gari la spoti la kweli ni lipi, la gia za mkono au la otomatiki? Kaa kijiweni na mafundi, iwe Gerezani hapa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, chai haiishi kabla ubishi huo haujaanza. Na wanaobishana wengi hawalioni kosa lililomo ndani ya swali lenyewe.

Kama ubishi ni wa kasi peke yake, umekwisha, na mashine imeshinda. Chukueni Porsche 911 GT3 iliyotoka mwaka 2021. Mnunuzi alipewa nafasi ya kuchagua: giaboksi ya mkono ya gia 6, au giaboksi ya klachi mbili ya gia 7 ambayo Porsche wanaiita PDK. Injini ni ileile, na matairi ni yaleyale. La mkono ni jepesi zaidi, kilo 1,418 dhidi ya 1,435. Pamoja na wepesi huo, kiwanda chenyewe kinasema la PDK linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4 na la mkono sekunde 3.9. La mkono linalipiza kidogo kwenye mwendo wa juu kabisa, 320 dhidi ya 318, lakini barabara ya kuthibitishia hilo sisi hatuna.

Nusu sekunde. Ingekuwa hilo ndilo jambo lote, ningeshuka jukwaani tukanywe soda. Ila kuna swali jingine ambalo nataka mtoke nalo hapa, kwa sababu linatenganisha giaboksi moja na nyingine vizuri kuliko saa ya kuhesabia sekunde. Swali ni hili: ndani ya giaboksi hii, kinachoteleza ni nini, na joto lake linakwenda wapi?

Nieleze. Injini ya petroli haina nguvu yoyote ikiwa imesimama. Ili iwe hai inahitaji kuzunguka, tuseme mizunguko 800 kwa dakika ikiwa imetulia. Gari nalo likiwa kwenye taa nyekundu, magurudumu yake yanazunguka mara ngapi? Sifuri. Sasa mnataka kuunganisha kitu kinachozunguka mara 800 na kitu kilichosimama, bila kuzima cha kwanza na bila kuvunja cha pili. Hakuna njia nyingine: katikati lazima pawe na mahali panapoteleza mpaka pande mbili zilingane. Mota ya umeme ndiyo iliyosamehewa, kwa kuwa inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha ikiwa bado imesimama. Ndiyo maana magari mengi ya umeme yana gia moja tu, na Porsche Taycan ya mwaka 2019, yenye gia mbili upande wa nyuma, ilionekana kioja.

Kuteleza ni msuguano, na msuguano ni joto. Tupige hesabu fupi. Gari la kilo 1,500 linaondoka kwa haraka, klachi inateleza mpaka gari lifike kilomita 20 kwa saa. Gari wakati huo limebeba nishati ya mwendo ya takribani kilojuli 23. Ikiwa injini ilishikilia mzunguko mmoja muda wote huo, sheria za fizikia hazina huruma: kilojuli nyingine 23 zimegeuka joto pale panapoteleza. Joto hilo linatosha kupandisha kilo moja ya chuma kwa nyuzi 50 hivi. Hiyo ni mara moja. Rudieni mara nne mfululizo mkiwaonyesha marafiki, halafu mniambie harufu ile inatoka wapi.

Sasa tuanze na klachi ya kawaida, ile ya gia za mkono. Pleti moja imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti, kavu, haina oili, inapozwa na hewa tu iliyomo ndani ya ganda lake. Hiyo ndiyo sehemu ya kuteleza, na mwenye kuamua iteleze kwa muda gani ni mguu wa kushoto wa dereva. Wapenzi wa gia za mkono wanazungumza sana juu ya mkono, juu ya ule mshiko wa kijiti cha gia. Mimi nasema utamu wote uko mguuni. Dereva mzuri anaipa klachi sekunde moja ya kuteleza. Anayejifunza anaipa sita.

Na usidhani usanii huu ni wa asili tangu siku ya kwanza. Gari la miaka ya 1920 lilimtaka dereva akanyage klachi mara mbili kwa kila gia na kubahatisha mzunguko wa injini, la sivyo meno yalilia barabara nzima. Cadillac walileta sinkro mwaka 1928, kipete chenye umbo la koni kinachosuguana na gia na kuulinganisha mzunguko wake kabla meno hayajakutana. Kwa maneno mengine, hata giaboksi ya mkono tunayoiita safi kabisa ina vijiklachi vidogo ndani yake vinavyoteleza kwa niaba yako. Anayejua kukanyaga breki kwa vidole huku kisigino kikigusa mafuta wakati wa kushusha gia anaipunguzia klachi kubwa kazi hiyohiyo ya kuteleza. Injini inapanda sauti kidogo, klachi inashika bila purukushani, na gari halitikisiki hata kama uko katikati ya kona. Furaha hiyo haimo katika zile sekunde 3.4. Ndiyo iliyowafanya Porsche wairudishe gia ya mkono kwenye GT3 mwaka 2017, baada ya kuiondoa mwaka 2013 wakidhani hakuna atakayeililia.

Upande wa pili wako watu wa otomatiki, na hapa ndipo kosa la swali linapoonekana. Otomatiki si kitu kimoja. Kuna otomatiki ya tokikonveta, kuna ya klachi mbili, kuna CVT, na kila moja inateleza kwa namna yake. Mtu akikuambia "nimeendesha otomatiki, ni nzito", muulize ipi.

Tokikonveta ina historia ya baharini. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya kifaa cha kuunganisha injini za meli na rafadha kwa kutumia majimaji. Upande mmoja unarusha oili, upande wa pili unapokea, na kati yao hakuna chuma kinachogusa chuma. Kinachoteleza ni oili. Zaidi ya hapo, gari likiwa limesimama, kifaa hiki kinaweza kuizidisha nguvu ya kuzungusha mpaka karibu mara mbili, jambo ambalo klachi haiwezi. Joto linabebwa na oili hiyohiyo, linatolewa nje ya giaboksi, linapelekwa kwenye rejeta yake na kupozwa. Ndiyo maana mnaona gari la tokikonveta linakaa saa nzima kwenye foleni ya Morogoro Road halinung'uniki.

Ubaya wa zamani ulikuwa kwamba oili haikomi kuteleza. Hata ukiwa kwenye mwendo wa safari, kulikuwa na tofauti ndogo kati ya pande mbili, mafuta yanapotea, na mguu ukibonyeza unahisi injini inapiga kelele kwanza ndipo gari linafuata. Sifa mbaya ya otomatiki ilitokea hapo, na bado inaonekana kwenye baadhi ya magari: Toyota GR86 ya gia 6 za tokikonveta inaachwa kama nusu sekunde na mwenzake wa mkono. Lakini mwaka 2009 kampuni ya ZF ya Ujerumani ilitoa giaboksi ya gia 8, inayojulikana kama 8HP, na mambo yakageuka. Konveta inatumika gari likianza tu kuondoka. Mara baada ya hapo klachi iliyomo ndani yake inafunga, chuma kwa chuma, na kubadilisha gia ni suala la kuachia klachi moja na kubana nyingine ndani ya oili. BMW M5 iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa na klachi mbili. Iliyofuata, ya mwaka 2017, yenye nguvufarasi 600, ikarudi kwenye tokikonveta. Ukisikia mtu anasema konveta ni ya wazee, mpe habari hiyo.

Klachi mbili nazo zilipita njia ndefu, na lazima nisimame kidogo kwenye mbio za Formula 1, maana hadithi yake inanifurahisha kila nikiisimulia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhandisi wa Ferrari, Mwingereza John Barnard, alitaka kuondoa kijiti cha gia. Sababu yake ya kwanza haikuwa kasi ya kubadilisha. Kijiti kilikuwa kinachukua nafasi ndani ya gari, na alitaka mwili wa gari uwe mwembamba. Akaweka vibao viwili nyuma ya usukani, kimoja cha kupandisha na kimoja cha kushusha, na kazi ya kusogeza gia akaipa mifumo ya hidroli na umeme. Gari liliitwa Ferrari 640, lina gia 7. Kwenye majaribio liliharibika mno hivi kwamba hata waliolitengeneza hawakutarajia limalize mbio. Tarehe 26 Machi 1989, katika uwanja wa Jacarepaguá, Rio de Janeiro, Nigel Mansell aliingia kubadilisha matairi, wakambadilisha na usukani wenyewe, akarudi barabarani na kushinda. Baada ya hapo gari likaendelea na tabia yake ya kuharibika, ila lilishinda mbio 3 msimu ule, na ndani ya miaka michache hakukuwa na timu yenye kijiti.

Ferrari wakaupeleka mfumo huo kwenye gari la kuuza mwaka 1997, F355 F1. BMW walikuwa na wao, SMG, na Toyota wakauweka kwenye MR-S. Yote yalikuwa na klachi moja ya kawaida, kavu, ila mguu wa dereva umeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na pampu. Sikipendekezi kizazi hiki kwa mtu yeyote. Kompyuta za wakati ule hazikuijua sanaa ya kuteleza. Kwenye foleni gari linaruka na kushtuka, klachi inaungua, na pampu ikifa gari halisogei. Umelipia kasoro za pande zote mbili.

Dawa ilikuwa imeshafikiriwa zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyewahi kusimamia magari ya mfalme wa Urusi, alibuni klachi mbili kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini hakukuwa na kitu cha kuziongoza. Wazo ni hili: giaboksi mbili ndani ya ganda moja. Klachi ya kwanza inashika gia 1, 3 na 5, ya pili inashika 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa inasubiri. Kubadilisha gia ni kuachia klachi moja huku unabana nyingine, kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti, ambapo anayepokea ameshaanza kukimbia kabla hajaguswa. Nguvu haikatiki. Porsche walilifanyia kazi wazo hilo kwenye magari yao ya mbio miaka ya 1980. Kompyuta zilipokomaa, Volkswagen ikawa ya kwanza kuliuza kwa watu wa kawaida, mwaka 2003, kwenye Golf R32, kwa jina la DSG. Miaka miwili baadaye Bugatti Veyron yenye nguvufarasi 1,001 ilikuja nalo pia.

Basi tuulize swali letu. Kinachoteleza ni nini? Klachi, kama ile ya mkono, ila ziko mbili na anayeziongoza ni kompyuta. Joto linakwenda wapi? Hapa pana tofauti ambayo wauzaji wa magari yaliyotumika hawawaambii, labda kwa sababu hawaijui. DSG ya kwanza, ya gia 6, ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na oili inabeba joto kwenda kupozwa. Mwaka 2008 Volkswagen walileta DSG nyingine ya gia 7 kwa injini ndogo, na hiyo klachi zake ni kavu. Ni nyepesi, inabana mafuta, na kwa mtu wa barabara huru haina neno. Ila joto lake halina pa kukimbilia. Giaboksi hii iliisumbua Volkswagen katika nchi zenye joto na foleni. Mwaka 2013 huko China waliyaita magari 384,181 yenye DSG yarudi kurekebishwa. Golf GTI nyingi za DSG ni za klachi za oili. Polo GTI ya mwaka 2010, ya injini ya lita 1.4, ni ya klachi kavu. Nembo moja nyuma, herufi tatu zilezile kwenye kijiti, na ndani ni wanyama wawili tofauti.

CVT nitaipitia haraka, ingawa iko kwenye nusu ya magari yaliyoegeshwa hapo nje. Mkanda au mnyororo, siku hizi wa chuma, unapita kati ya puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, kwa hiyo hakuna gia, kuna uwiano unaobadilika bila ngazi. Ndugu wa Van Doorne wa Uholanzi waliiuza kwenye gari la DAF mwaka 1958. Kinadharia ndiyo giaboksi bora kwa mbio, maana injini inakaa pale penye nguvu zake zote muda wote. Williams waliijaribu kwenye gari la Formula 1 mwaka 1993, David Coulthard akiendesha. Injini ilipiga kelele moja isiyopanda wala kushuka wakati gari linazidi kuchanganya. Kanuni za 1994 zikaipiga marufuku kabla haijashindana hata mara moja. Kwenye gari la kununua, tatizo ni kwamba CVT inaomba jambo kinyume cha zote nilizotaja: mkanda usiteleze kamwe. Ukiteleza unaichubua puli, na puli iliyochubuka haiponi. Subaru waliweka mnyororo na kuifunga kwenye Forester XT ya turbo iliyotoka 2012, ambayo naona vijana wa Nairobi wanaipenda sana. Ni gari zuri. Anayetaka kuliongezea nguvu ajue kwamba anaouongezea mzigo ni huo mnyororo.

Sasa twende Naivasha, kule Kenya, kwenye mbio za magari ambako kijiti kimerudi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 2021 zimerudi kwenye ubingwa wa dunia. Mwaka huo wa kurudi, magari makubwa yalikuwa yakibadilisha gia kwa kibao nyuma ya usukani. Mwaka uliofuata, 2022, kanuni mpya za daraja la Rally1 zilikiondoa kibao na kurudisha kijiti: gia 5, unavuta kupandisha, unasukuma kushusha, chuma kinasukuma chuma. Sababu ilikuwa gharama, na pia urahisi wa kutengeneza. Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza Naivasha mwaka huo, Kalle Rovanperä akiwa mshindi. Mwaka 2023 wakarudia kuzichukua zote nne.

Tusidanganyane hata hivyo. Kijiti kile si gia ya mkono ya kijiweni. Ndani hamna sinkro, kuna meno mapana yanayong'atana kwa pigo, na klachi inatumika kuondokea tu. Kuteleza kumeondolewa karibu kote na kilichobaki ni kishindo, ambacho gari la mbio linakivumilia kwa sababu giaboksi yake inafunguliwa na kukaguliwa kila mara. Kijana akifunga giaboksi ya namna hiyo kwenye Impreza ya kwendea kazini, majirani watajua ameondoka saa ngapi.

Nilisema kasi si jambo lote, na Hyundai wamenipa ushahidi nisioutegemea. Ioniq 5 N ya mwaka 2023 ni ya umeme, haina gia za kubadilisha. Wahandisi wake wakaandika programu inayoigiza gia 8: ukivuta kibao, kompyuta inaikata mota kwa kitambo kidogo, gari linatikisika, na sauti ya bandia inashuka. Kwa makusudi mazima wamelipunguzia gari lao mwendo ili dereva apate kitu cha kufanya. Nilicheka niliposoma. Halafu nikafikiri juu ya yule mnunuzi wa GT3 anayetoa pesa zake na kuikataa nusu sekunde, na sikuona tofauti kubwa kati yao.

Mnataka nichague. Kwa gari moja tu, la kupita foleni Jumatatu na kupanda Mlima Kitonga Jumamosi, nachukua tokikonveta ya kisasa yenye gia 6 au 8, na nikiteremka Kitonga nashikilia gia ya chini kwa mkono ili breki zipumue. Mark X na Crown Athlete zilizojaa hapa mjini zinafaa kwa kazi hiyo kuliko sifa zinazopewa. Kwa gari la pili, la kufurahia tu, nachukua la mkono, na sina maelezo marefu. Klachi mbili nitaichukua ikiwa ni ya oili na nina kumbukumbu za matengenezo yake. Klachi kavu naiacha kwa watu wa nchi za baridi.

Na hapo kwenye kumbukumbu ndipo pesa zenu zitakapookoka au kupotea. Magari yetu mengi yanatufikia yakiwa yametumika Japani au Uingereza, na oili ya giaboksi ndiyo kitu mmiliki wa kwanza alichoambiwa asikiguse. Viwanda vingi vya magari vinasema oili ya 8HP ni ya maisha. ZF, walioitengeneza giaboksi yenyewe, wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. DSG ya oili inataka mpya kila kilomita 60,000. Oili hiyo ndiyo inayobeba lile joto tulilolipigia hesabu, na ikichakaa haibebi tena.

Kwa hiyo nenda kulijaribu gari asubuhi likiwa baridi, kabla muuzaji hajaliwasha. Weka gia, achia breki taratibu, lisikilize linavyoondoka, halafu lirudishe nyuma kwenye mwinuko. La mkono, weka gia ya nne kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta, uone kama injini inapanda na gari linabaki palepale. Omba risiti ya oili ya giaboksi. Ikiwa hana, ondoa kwenye bei yake gharama ya oili na chujio, kisha ndipo muanze kubishana juu ya rangi.